Jibu kwa mama wa Lancaster: mwaka mpya wa masomo ya nyumbani upangwe kuanzia wapi

Msomaji mmoja anayeishi Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ameleta swali ambalo ninalifupisha. Yeye na mumewe walihamia huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, na mwaka uliopita waliwaondoa watoto wao shuleni wakaanza kuwasomesha nyumbani. Wa kwanza, kijana wa miaka 13, anaingia darasa la 8. Wa pili, binti wa miaka 8, anaingia darasa la 3. Kitindamimba ana miaka 5. Baba hufanya kazi asubuhi, na mama huingia zamu ya jioni saa tisa, akarudi usiku wa saa tano. Mwaka jana alinunua vitabu vingi na kuchora ratiba ya dakika kwa dakika. Kufikia Novemba ratiba ilikuwa imekwisha nguvu, na mwezi wa Mei wote aliumaliza akitafuta karatasi chini ya vitanda ili apate cha kumwonyesha mtathmini, yaani mtu anayepitia kazi za watoto mwishoni mwa mwaka. Anauliza kama mwaka huu aandike mpango wa kila somo mwezi kwa mwezi, anunue vitabu gani, afanyeje na aljebra ambayo ameisahau, na kama kijana wake anaweza kucheza mpira na timu ya shule ya wilaya.

Mama, nianze na lile la msingi: usiandike mpango wa kila somo kwa mwaka mzima. Mwalimu wa shule huandaa azimio la kazi la mwaka kwa sababu ana darasa zima linalopaswa kwenda kwa mwendo mmoja, ana mkuu wa shule anayelikagua, na ana mwalimu mwenzake wa kushika darasa siku anapougua. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo, na watoto wako wawili wanaosoma wamepishana miaka 5. Mpango wa kurasa arobaini ulioandikwa Julai utakuwa umepitwa na hali ifikapo Oktoba, kisha utakukalia moyoni kama deni. Ninachokushauri ni uandike mambo mawili tu: yale ambayo sheria ya jimbo itakudai mwishoni mwa mwaka, na juma moja la masomo ambalo nyumba yako, pamoja na zamu zenu mbili, inaweza kulibeba bila kuvunjika. Mengine yote yatoke ndani ya hayo mawili.

Tuanze na sheria, maana Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yenye masharti mengi kuhusu elimu ya nyumbani, na mzazi asiyeyafahamu hujitwisha mzigo ambao hakutwishwa na mtu. Sheria iliyopo ilipitishwa mwaka 1988. Inakutaka uwasilishe hati ya kiapo kwa msimamizi mkuu wa wilaya ya shule kabla ya tarehe 1 Agosti kila mwaka unaoendelea, ikiwa na majina na umri wa watoto, ushahidi wa chanjo na huduma za afya, na muhtasari wa malengo kwa kila somo. Hapo kwenye muhtasari ndipo wazazi wengi hupoteza majuma yao. Sheria inasema waziwazi kwamba msimamizi hatautumia muhtasari huo kuamua kama unakiuka masharti. Kwa hiyo sentensi mbili au tatu kwa kila somo zinatosha kabisa, na ziwe pana: badala ya kuandika kwamba binti atamaliza kitabu fulani, andika kwamba ataendelea kujifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, vipimo, na matatizo ya maneno. Hati itiwe saini mbele ya notari, yaani ofisa anayethibitisha saini, au itolewe kama tamko lisilo la kiapo linalokubalika kisheria badala yake, na ubaki na nakala. Kitindamimba usimwandike, umri wa lazima wa kusoma katika jimbo hilo unaanzia miaka 6, na hakuna faida ya kujifunga mapema.

Mwishoni mwa mwaka utadaiwa kitu kimoja, nacho ni cheti cha mtathmini kinachomfikia msimamizi ifikapo tarehe 30 Juni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2014, jalada la kazi za mtoto halipelekwi tena wilayani. Mtathmini hulipitia, huzungumza na mtoto, kisha huandika cheti kwamba elimu stahiki inatolewa. Ndani ya jalada huhitajika daftari la kumbukumbu linaloandikwa wakati masomo yanaendelea na kutaja kwa majina vitabu vilivyosomwa, pamoja na sampuli za kazi. Tena watoto wako wote wawili wanaingia mwaka wa mtihani, kwa kuwa darasa la 3, la 5 na la 8 ndiyo madarasa ambayo jalada lake lazima liwe na matokeo ya mtihani sanifu wa lugha na hisabati. Mtihani huo hausimamiwi na mzazi. Unaweza kuomba wafanye ule wa jimbo katika shule ya wilaya wakati wa majira ya kuchipua, au uchague mmojawapo wa mitihani ya kitaifa inayokubalika, kama vile ule wa Iowa au wa Stanford, ukisimamiwa na mtu mwingine. Sheria haikuweka alama ya kufaulu, kwa hiyo usiwatishe watoto nao.

Mimi ni mwalimu mwenye leseni na hupitia majalada kila mwisho wa mwaka wa masomo, kwa hiyo naomba niseme kile ambacho mtathmini hutazama hasa. Hatafuti wingi wa karatasi. Anatafuta mwendo wa mtoto, yaani alipokuwa Septemba na alipofika Mei. Insha tatu za binti yako, moja ya mwanzo wa mwaka, moja ya katikati na moja ya mwisho, zikiwa na tarehe na makosa yake yaliyosahihishwa kwa mkono, zinanieleza zaidi kuliko kitabu kizima cha mazoezi kilichojazwa. Nunua jalada moja la pete kwa kila mtoto, ligawanye kwa masomo, na kila Ijumaa kabla hujaingia jikoni chagua karatasi moja au mbili za juma hilo uzipachike. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Daftari la kumbukumbu nalo liwe la kawaida, ukurasa mmoja kwa juma, ambapo siku ya Jumanne unaweza kuandika tu: "Hisabati, kutoa kwa kukopa, uk. 31, kusoma kwa sauti, sura ya 4 ya kitabu cha maktaba (jina lake), sayansi, tumeotesha maharage kwenye pamba, mazoezi ya viungo, baiskeli." Asiyeandika siku ile ile huishia kubuni mwezi wa Mei, na mtathmini mzoefu hutambua kumbukumbu zilizoandikwa kwa kalamu moja usiku mmoja.

Sasa tuhesabu siku. Sheria inataka siku 180 za masomo, au saa 900 kwa ngazi ya msingi na saa 990 kwa sekondari, ambako kijana wako yumo. Chagua kuhesabu siku. Mzazi anayehesabu saa hushinda akiangalia ukuta, ilhali alama moja kwenye kalenda hukamilisha kazi ya siku. Mwaka wa masomo unaanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, na sheria haikukufunga uende sambamba na kalenda ya wilaya. Siku 180 ni majuma 36 ya siku tano, au majuma 45 ya siku nne. Kwa nyumba yako ningechukua majuma 36 na kuyakata vipande sita vya majuma sita sita, kila kipande kikifuatiwa na juma moja lisilo na masomo mapya. Juma hilo la saba si likizo tupu: ndimo mnapomalizia kazi zilizobaki, mnapokwenda kwa daktari wa meno, mnapopokea wageni, na ndimo mama anapolala. Jumla inakuwa majuma 42. Ukianza juma la pili la Agosti utamaliza mwanzoni mwa Juni, Krismasi na Pasaka zikiwa zimeingia humo humo, na mtathmini atakuwa na nafasi kabla ya tarehe 30. Ratiba yako ya mwaka jana, kwa jinsi ulivyoieleza, haikufa kwa uvivu. Haikuwa na mahali pa kuweka homa ya mtoto wala zamu ya ziada, na chochote kilichotokea Jumatatu kilisukuma juma zima.

Kuhusu siku yenyewe, usijaribu kufungua darasa saa mbili asubuhi wakati umelala saa saba usiku. Anza saa tatu na nusu, umalize yanayokuhitaji wewe saa sita na nusu. Saa moja ya kwanza iwe ya binti, kwa hisabati na kusoma, kwa kuwa mtoto wa miaka 8 huhitaji mtu pembeni yake. Wakati huo kijana asome peke yake na kuandika. Kisha mbadilishane, binti akachore au akamsomee mdogo wake hadithi, nawe ukae na kijana. Baada ya hapo wote watatu wawe mezani kwa somo moja la pamoja. Alasiri, wewe ukiwa kazini, baba ashike mambo yasiyohitaji maandalizi: mazoezi ya viungo, muziki, na kusoma kwa sauti kabla ya kulala. Baba naye aandike kwenye daftari lile lile. Nimeona nyumba nyingi ambamo baba anasomesha mambo mazuri ambayo hayakuandikwa popote.

Kabla ya kununua kitabu chochote, tumia juma moja la mwanzo wa Agosti kuwapima watoto mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Darasa alilomo mtoto kwenye hati halisemi anachokijua. Mpe binti 62 kutoa 27. Akikuandikia 45, usimwambie tu kwamba amekosea. Tazama alivyofika hapo. Kwenye mamoja ametoa 2 kutoka 7 kwa sababu 7 ndiyo kubwa, na kwenye makumi ametoa 2 kutoka 6. Huyo hajakosa umakini, bali hajaelewa kwamba ile 6 ni makumi sita na kwamba kumi moja linaweza kufunguliwa. Chukua vijiti vya meno, mfunge mafungu ya kumi kumi kwa mpira, muweke mafungu sita na vijiti viwili mezani, kisha mwambie akupe 27. Atalazimika kufungua fungu moja ili apate vijiti saba, na hapo kukopa kutakuwa na maana mbele ya macho yake kabla hakujawa kanuni kwenye karatasi. Fanyeni hivyo siku kadhaa bila kuandika. Kitabu cha darasa la 3 kitakachokuja baada ya hapo kitapita kwa urahisi. Kikija kabla, atajaza kurasa na kosa litabaki lile lile.

Kijana naye mpe robo tatu kujumlisha nusu, kisha hasi 3 kutoa 5. Wanaojibu la kwanza kwa nne juu ya sita, kwa kujumlisha vya juu na vya chini, ni wengi mno, hata miongoni mwa waliopita darasa la 7 kwa alama nzuri. Aljebra imesimama juu ya sehemu na namba hasi. Kama humo kuna ufa, majuma sita ya kwanza yaende huko, na wala si kupoteza wakati. Kama yuko imara, basi swali lako kuhusu aljebra lina jibu ambalo wazazi wengi bado hawajalisikia: kwa sheria ya mwaka 2022, kuanzia mwaka wa masomo wa 2023–24, wilaya za shule za Pennsylvania zinapaswa kuwaruhusu watoto wanaosoma nyumbani kuchukua masomo katika shule zao hadi kufikia angalau robo ya siku ya shule. Kijana anaweza kwenda kusoma aljebra shuleni na kurudi nyumbani kwa mengine. Ila usafiri utakuwa juu yenu, na saa ya kipindi hicho itaamua sura ya siku yenu, hivyo uliza kabla hujapanga juma.

Lugha ni jambo ambalo hukuliuliza, lakini linajitokeza katika kila sentensi ya barua yako. Sheria inataka masomo yatolewe kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi zinazoingia katika jalada ziandikwe kwa Kiingereza. Hilo halimnyimi mama haki ya kumfafanulia mwanawe kwa Kiswahili kwa nini fungu la vijiti linafunguliwa. Tena nakusihi umfundishe kitindamimba kusoma kwa Kiswahili kwanza, mwaka huu huu ambao hakuna anayekudai. Irabu zetu tano hazibadiliki sauti, na mtoto anayeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona baada ya miezi michache. Akishaelewa kwamba alama hutoa sauti na sauti huungana kuwa neno, ufahamu huo unahamia kwenye Kiingereza pamoja naye, na atakachobaki kujifunza ni ukaidi wa tahajia ya Kiingereza, ambao hata wenyeji hulalamika nao. Binti umpe imla fupi ya Kiswahili mara moja kwa juma. Kijana aandike barua kwa bibi yake, kwa sentensi kamili.

Masomo ya pamoja ndiyo yatakayokupunguzia mzigo. Historia ya Marekani na ya Pennsylvania, jiografia, uraia, sayansi, sanaa na muziki hayana sababu ya kufundishwa mara mbili: somo ni moja, kazi tofauti, binti akachora na kuandika mistari mitano, kijana akaandika kurasa mbili. Nanyi mnaishi mahali penye utajiri wa hayo. Tarehe 27 Septemba 1777, wabunge waliokimbia Philadelphia mbele ya jeshi la Uingereza walikutana Lancaster, na mji wenu ukawa makao makuu ya nchi kwa siku moja. Kuanzia 1799 hadi 1812 ulikuwa makao makuu ya jimbo, kabla hayajahamia Harrisburg. Kuna pia ukurasa mchungu wa Desemba 1763, pale kundi la watu wenye silaha lilipowaua Wakonestoga wa asili ya huko, wakiwemo waliokuwa wamewekwa gerezani mjini ili walindwe. Kijana wa miaka 13 aliyezaliwa katika familia ya wakimbizi anaweza kuusoma na kuuliza maswali ambayo wenzake hawayaulizi. Yupo Thaddeus Stevens, mwanasheria wa Lancaster, aliyetetea shule za bure katika bunge la jimbo mwaka 1835 zilipotaka kufutwa, kisha akawa miongoni mwa waliosukuma kufutwa kwa utumwa katika katiba ya nchi mwaka 1865. Aliomba azikwe katika makaburi ambayo hayakubagua watu kwa rangi, na kaburi lake lipo hapo hapo mjini. Mnaweza kwenda kwa miguu siku ya jua. Katika jiografia, linganisheni mto Susquehanna unaomwaga maji kwenye ghuba ya Chesapeake na Ziwa Tanganyika lenye kina cha meta 1,470, la pili duniani kwa kina. Hilo watoto wanapaswa kulijua kama ziwa la kwao, siyo kwa kusimuliwa na mgeni.

Somo moja husahaulika sana, nalo limetajwa kwa jina katika sheria: usalama, pamoja na mafundisho ya mara kwa mara kuhusu hatari za moto na namna ya kuuzuia. Kila juma la saba lijaribuni king'ora cha moshi, mtoke nje kwa milango miwili, mkutane chini ya mti mmoja mliouchagua, na kila mtoto ataje anwani ya nyumba kwa Kiingereza kama anayepiga simu ya dharura, 911. Andikeni tarehe. Ni robo saa, na ni somo zima.

Kuhusu vitabu nitakuwa mfupi. Usinunue chochote kabla ya Septemba. Sheria inailazimu wilaya ikuazime, ukiomba, nakala za mitaala yake, vitabu vya kiada na vifaa vingine vinavyolingana na umri na darasa la mtoto. Omba kwa barua, ukitaja somo na darasa. Kitakachopungua kitapatikana maktaba. Fedha utakazookoa ziweke kwa ajili ya mtathmini na ada ya mtihani, na mtathmini mtafute mapema, mwezi wa Oktoba, kwa sababu wanaotafutwa Mei huwa wamejaa. Hakikisha ni mwalimu mwenye cheti cha jimbo au mtu mwingine aliyeainishwa na sheria, wala asiwe wewe wala mumeo. Na ukikutana na tangazo la shule ya mtandaoni isiyo na ada inayojiita masomo ya nyumbani, fahamu kwamba hiyo ni shule ya umma yenye walimu na ratiba yake. Si mbaya, hasa kwa nyumba yenye zamu mbili, lakini mtoto akijiunga nayo hayumo tena katika mpango wenu wa nyumbani, na daftari, jalada na mtathmini havihusiki.

Mwisho ni mpira. Jibu ni ndiyo. Tangu marekebisho ya mwaka 2005, wilaya haiwezi kumkatalia mtoto wa elimu ya nyumbani kushiriki michezo na shughuli za ziada kwa sababu tu hasomi ndani ya majengo yake, mradi atimize masharti yale yale ya wanafunzi wengine na achaguliwe kwa uwezo wake. Timu za vuli huanza mazoezi mwezi wa Agosti, nao hudai fomu ya uchunguzi wa afya iliyosainiwa na daktari kabla mtoto hajagusa uwanja. Piga simu ofisi ya michezo juma hili, omba fomu na tarehe ya majaribio, na ukienda kupeleka hati yako ya kiapo, pitia hapo hapo uulize kipindi cha aljebra ni saa ngapi.